Taa za rivasi
Taa za rivasi (pia: taa za kurudi nyuma) ni taa nyeupe za nyuma ya gari zinazowaka dereva anapoingiza gia ya kurudi nyuma. Humsaidia dereva kuona gizani na huwaonya walio nyuma yake. Katika mitaa myembamba ya Temeke na Kinondoni, jijini Dar es Salaam, onyo hilo linaweza kumwokoa mtoto anayecheza barabarani.

Katika pikapu ya gia za mkono taa hizo huwashwa na swichi ndogo iliyofungwa kwenye giaboksi.

Hitilafu na matengenezo
Taa moja isipowaka, kwa kawaida balbu imeungua au soketi imeshika kutu, ambayo huharakishwa na hewa ya chumvi ya pwani. Zote mbili zisipowaka, fyuzi hukaguliwa kwanza. Kisha, injini ikiwa imezimwa, hendibreki imevutwa na ufunguo umewashwa, plagi ya swichi huchomolewa na nyaya zake mbili huunganishwa kwa kipande cha waya. Taa zikiwaka, swichi ni mbovu. Zisipowaka, tatizo liko kwenye nyaya, ethi au balbu zenyewe. Kipande hicho kisiachwe hapo, kwani taa zingewaka muda wote na kupotosha madereva wengine.