Kununua Wimbo Nairobi: Tangu Santuri hata Simu

Vijana wa mitaa ya mashariki ya Nairobi, wakaao Kaloleni, Jericho, Buruburu, Umoja, Dandora na Kayole, hununua nyimbo kila siku wala hawajui kuwa wananunua. Kifurushi cha intaneti hulipiwa kwa M-Pesa, wimbo ukasikika katika simu. Na kifurushi kikiisha wimbo nao hunyamaza. Msomaji, ukimweleza mambo haya mzee aliyekuwa kijana wa Pumwani kabla ya Uhuru, huenda akakuuliza swali moja tu: wimbo wenyewe u wapi? Swali hilo si la mzaha. Limejibiwa kwa namna mbalimbali katika muda wa miaka mia hivi, na kila jibu lilibadili kile ambacho mnunuzi alirudi nacho nyumbani.

Santuri ndizo zilizotangulia. Katika mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alivuka bahari pamoja na wenzake hadi Bombay, India, ili sauti yake itiwe katika santuri, na santuri zile zikarudi kuuzwa Afrika Mashariki. Zilifanywa kwa lakiri, yaani utomvu wa kidudu kipatikanacho India, uliochanganywa na unga wa mawe. Zilikuwa nzito, na iliyoanguka sakafuni ilivunjika kama sahani ya udongo. Kila upande ulichukua wimbo wa dakika tatu au zaidi kidogo, maana santuri ilizunguka mara 78 kwa dakika. Lakini gramafoni yake haikuhitaji umeme hata chembe. Mwenyewe alizungusha mpini, kamani ikajikaza ndani, sindano ya chuma ikapita katika mfuo, na sauti ikatoka. Kwa hiyo chombo hicho kilifaa sana katika nyumba zilizomulikwa kwa taa ya mafuta.

Fikiri basi hali ya Pumwani wakati huo. Nyumba moja ilikuwa na vyumba kadha, na kila chumba kilikuwa na mpangaji wake. Sauti ya gramafoni haijui mpaka wa ukuta. Aliyenunua santuri alinunua kwa fedha yake, ila waliosikia walikuwa ua mzima. Tena alijulikana, na akaombwa azima ya santuri hii na ile kwa ajili ya arusi au ngoma ya Jumamosi. Nataka uyakumbuke maneno haya ya kuazima, maana nitayarudia.

Baada ya Vita Kuu ya Pili mambo yalikwenda mbio. Askari wa KAR walirudi kutoka Burma na nchi nyingine wakiwa na masikio mapya. Mmoja wa wanamuziki wakubwa wa miaka ile, Fundi Konde, alikuwa katika kikosi cha burudani cha askari hao. Makampuni ya kurekodi yakafunguliwa Nairobi, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 santuri zilianza kupigwa chapa papa hapa mjini badala ya kungojwa kutoka ng'ambo. Zikaja santuri ndogo za plastiki, zizungukazo mara 45 kwa dakika, nyepesi na zisizovunjika upesi. Katika studio ya Equator walirekodi watu kama Fadhili William na Daudi Kabaka. Wimbo wa Kabaka uitwao "Helule Helule" ulivuka bahari, nao kundi la Kiingereza la The Tremeloes wakauimba upya mwaka 1968 na kuuza santuri zake Uingereza. Si jambo dogo hilo: Bombay ilikuwa imekuja Nairobi, na Nairobi ikaenda London, yote katika muda wa miaka arobaini.

Hapa sharti nikueleze jambo la sheria, kwa sababu wengi hulikosea. Aliyenunua santuri hakuwa mwenye wimbo. Wimbo ulibaki mali ya mtungaji, na sauti iliyorekodiwa ilibaki mali ya kampuni. Kenya ilipata sheria yake yenyewe ya hakimiliki mwaka 1966. Lakini sahani ile ya plastiki ilikuwa mali ya mnunuzi kabisa, kama kiti au sufuria. Aliweza kuiazimisha, kuiuza, kuiweka rehani, na kumwachia mwanawe. Kampuni iliyoitengeneza ingefilisika kesho, isingeweza kumpokonya.

Kisha ikaja kanda. Kampuni ya Philips ya Uholanzi ilionyesha kaseti yake mwaka 1963, nayo katika miaka ya 1970 na 1980 ikaenea hata pasipofika lami. Tofauti yake kubwa na santuri si udogo wake. Santuri ilihitaji kiwanda, lakini kanda iliweza kunakiliwa na mtu yeyote mwenye mashine ya kanda mbili. Basi vikaota vibanda vya kunakili nyimbo, mjini na mitaani. Ulikwenda na karatasi yenye majina ya nyimbo uzipendazo, Les Wanyika hapa, D. O. Misiani na Shirati Jazz pale, ukaacha kanda tupu, ukarudi jioni kuichukua ikiwa imejaa. Kanda ikilegea, ulichomeka penseli katika tundu lake ukaizungusha.

Wako wanaosema kuwa wenye vibanda wale walikuwa wezi na kwisha. Mimi siwezi kusema hivyo kwa wepesi. Ni kweli kwamba mwanamuziki hakupata hata senti moja kwa kanda ile, na kwamba biashara ya santuri, iliyokuwa imeifanya Nairobi kuwa mji mkuu wa muziki katika sehemu hii ya Afrika, ilidhoofika hadi makampuni makubwa ya kigeni yakafunga milango. Chama cha hakimiliki ya muziki, MCSK, kiliundwa mwaka 1983, wakati maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Lakini ni kweli vilevile kwamba nyimbo nyingi ziliwafikia watu wa kipato kidogo kwa njia ile, na kwamba baadhi ya kanda zile za vibandani zimeishi kuliko kampuni zenyewe. Haki ya mtungaji na kumbukumbu ya wasikilizaji hazikwenda njia moja, na ndipo ugumu wa habari hii ulipo.

Zilipofika sahani za CD, na baadaye za VCD na DVD kwa sinema, mitaa ya mashariki ilikuwa imeanza kuimba kwa kinywa chake yenyewe. Vijana watatu wa Dandora, Kalamashaka, walitoa "Tafsiri Hii" mwaka 1997, wakaghani kwa Kiswahili na Sheng juu ya maisha ya mtaa wao. Katika miaka iliyofuata studio ya Calif Records, iliyochukua jina la mtaa wa California, ikawa shina la muziki wa genge. Nyimbo hizo hazikutegemea duka kubwa la mjini. Zilichomwa katika sahani nyumbani kwa kompyuta, zikapewa madereva na makondakta, zikavuma ndani ya matatu za namba 58 ziendazo Buruburu kabla hazijavuma redioni. River Road nayo, barabara iliyokuwa ya maduka ya santuri, ikawa makao ya sinema za bei nafuu, hata zikaitwa Riverwood.

Nisipomtaja DJ Afro nitakuwa nimewanyima wasomaji wangu haki yao. Yeye alichukua sinema za Marekani, India na China, akaweka juu yake sauti yake mwenyewe, akiwasimulia watazamaji kwa Kiswahili cha mitaani mambo yanayotendeka, kwa mizaha mingi na majina aliyowabatiza wachezaji. Zilionyeshwa katika vyumba vya video, na sahani zake zikauzwa kwa bei ya chakula cha mchana kibandani. Sasa tazama. Sinema yenyewe ya Marekani haitapotea, kwa kuwa nakala zake zimejaa duniani. Lakini masimulizi yale, ambayo ni kazi ya Nairobi na yanaeleweka Nairobi, yalikuwa katika sahani za kuchoma za bei rahisi, ambazo rangi iliyobeba sauti hufifia kwa joto na jua. Bunge lilitunga sheria mpya ya hakimiliki mwaka 2001, ikataka kila sahani ibandikwe kibandiko rasmi cha kuthibitisha uhalali wake. Sheria iliwaza juu ya wizi, wala haikuwaza juu ya kufifia.

Mwaka 2009 nyaya za intaneti za SEACOM na TEAMS zilitua Mombasa zikipita chini ya bahari. Tangu hapo muziki haukuhitaji tena kubebwa. Mwaka huohuo Safaricom ilianza Skiza, biashara ya ajabu kidogo ukiifikiri: unalipia wimbo ambao wewe mwenyewe huusikii, bali husikiwa na yule anayekupigia simu, na ukiacha kulipa wimbo huondoka. Mdundo ilianza Nairobi mwaka 2013, ikawapa watu nyimbo za kupakua bila malipo, na fedha za wanamuziki zikatoka kwa wenye kutangaza biashara. Netflix ilifika Kenya mwaka 2016, na Spotify mwaka 2021.

Hapo yako mambo mawili ambayo watu huyaita kwa jina moja la kupakua. Faili ya wimbo isiyofungwa, ukishaiweka katika flashi au kompyuta yako, inafanana na kanda: utaihifadhi, utainakili, utaisikiliza hata mtandao ukizimika. Lakini wimbo "uliopakuliwa" ndani ya programu ya kulipia kila mwezi haukuwekwa mikononi mwako. Katika Spotify, kwa mfano, sharti simu iunganishwe na mtandao walau mara moja katika siku 30, la sivyo nyimbo hizo hukataa kulia. Huko si kununua, ni kupanga, kama vile mtu apangavyo chumba Kayole. Mpangaji hulala vizuri, lakini haachi chumba urithi.

Huenda ukaniambia kwamba natia chumvi, na kwamba kampuni kubwa haiwezi kumnyang'anya mteja alichokilipia. Imekwisha tokea. Mwezi wa Julai 2009, watu wa Marekani walioinunua riwaya ya George Orwell iitwayo 1984 kwa ajili ya vyombo vyao vya kusomea vya Kindle waliamka wakakuta imefutwa. Aliyeitia sokoni hakuwa na haki ya kuiuza, basi Amazon ikaifuta kutoka mbali, ikarudisha fedha, na baadaye mkuu wake akaomba radhi. Nayo ni riwaya juu ya serikali ifutayo maandishi! Hakuna mwenye duka la vitabu awezaye kuingia nyumbani mwako usiku kuchukua kitabu na kukuachia fedha mezani. Tangu Januari 2025, jimbo la California (lile la Marekani, si mtaa wetu) huwalazimisha wauzaji wa namna hii wasitumie neno "nunua" bila kumweleza mteja wazi kwamba anapewa ruhusa ya kutumia tu.

Wala usidhani kwamba nakutaka ukaitupe simu yako, urudi kwenye mpini wa gramafoni. Kijana wa Umoja leo hurekodi chumbani mwake, akautoa wimbo wake duniani kabla ya jua kuchwa, pasipo kumbembeleza mwenye kiwanda. Daudi Kabaka hakuwa na njia hiyo. Lakini upande wa msikilizaji umepungukiwa, na zaidi ya msikilizaji, mwanahistoria.

Kwa maana historia ya muziki wetu imeandikwa kutokana na vitu vilivyonunuliwa. Shirika la Ketebul Music la Nairobi, lililoanzishwa mwaka 2007, lilitoa mwaka 2008 kazi yake juu ya benga, kitabu pamoja na sauti na picha. Mwaka 2013 kampuni ya Soundway ya Uingereza ilikusanya nyimbo za Kenya za miaka ya 1970 na 1980 katika mkusanyo uitwao Kenya Special, na nyingi zilikuwa hazijapata kutolewa nje ya Afrika Mashariki. Kazi za namna hii hutegemea santuri za 45 zilizobaki makabatini na chini ya vitanda. Mtu alizinunua kwa ajili ya kucheza dansi, akaziazimisha, akarudishiwa baadhi yake, akahama nazo kutoka Makongeni hadi Donholm, na kwa uzito wao tu zikawa mali ya historia.

Kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2001, haki juu ya sauti iliyorekodiwa hudumu miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Sauti nyingi za Equator zimekwisha kupita kikomo hicho. Haki ya mtungaji ni nyingine, nayo hudumu muda mrefu zaidi. Mwenye santuri ya Nairobi ya mwaka 1965 leo anaweza kuinakili ile sauti bila kumwomba kampuni ruhusa, maadam hajaigusa haki ya mtungaji. Sauti iliyorekodiwa mwaka 1997 itatoka kifungoni mwishoni mwa mwaka 2047. Wakati huo wewe unayesoma utakuwa na umri kama nilio nao mimi sasa, na sahani zilizochomwa Dandora mwaka ule zitakuwa na miaka 50. Baadhi yake ziko bado mitaani, katika makasha ya viatu juu ya makabati, pamoja na risiti za stima na picha za arusi.