Ardhi Katika Sanduku: Jiografia ya Maumbile kwa Njia ya Posta

Miongoni mwa elimu zinazofundishwa vyuoni, ni chache ambazo walimu wake wamezilinda kwa wivu kama jiografia ya maumbile ya nchi. Mwalimu wa sheria huweza kukiri kwamba sheria imo vitabuni, na mwalimu wa hesabu hajali mwanafunzi wake ameketi wapi. Lakini mwalimu wa jiografia ya maumbile aghalabu alishika kwamba elimu yake huingia kwa miguu: mwanafunzi sharti apande kilima nyuma ya mwalimu wake, avunje jiwe kwa nyundo, aone jinsi mto ulavyo ukingo wake, ndipo afahamu. Kwa imani hiyo, kumfundisha mtu umbo la dunia kwa barua ilikuwa sawa na kumfundisha kuogelea kwa barua.

Imani hiyo haikosi ukweli. Hata hivyo, historia ya wale waliojifunza elimu hii kwa mbali inaonyesha jambo ambalo walinzi wake hawakulitazamia. Umbali ulimnyima mwalimu kilima chake mwenyewe, ukamlazimisha atafute kilima cha mwanafunzi. Alipokitafuta, somo lilifaulu. Alipoghafilika nacho, aliitupia posta lawama iliyomstahili yeye.

Wazo la kuanza na mahali alipo mwanafunzi lilikuwapo kabla ya vyuo vya posta kupata nguvu. Mwaka 1869 T. H. Huxley alitoa mihadhara mjini London juu ya maumbile ya dunia, na mwaka 1877 akaitoa katika kitabu alichokiita Physiography. Hakuanza na sayari wala hakuorodhesha milima na rasi, kama vilivyofanya vitabu vingi vya wakati wake. Alianza na mto Thames chini ya daraja la London, mto ambao wasikilizaji wake walikuwa wakiuvuka kila siku bila ya kuutazama, akauliza maji yale yatoka wapi. Kutoka mto huo mmoja alikwenda kwenye chemchemi, mvua, barafu, bahari na volkeno, hata mwishoni akafika kwenye jua. Kwa Huxley mto wa nyumbani ulikuwa mlango wa dunia nzima.

Ng'ambo ya Atlantiki mlango huo ulikuwa umekwisha kufunguliwa kwa namna nyingine. Mwaka 1873 Anna Eliot Ticknor, binti wa mwanachuoni maarufu wa Boston, alianzisha nyumbani kwake jumuiya ya kuwahimiza wanawake wasome majumbani mwao. Vyuo vingi vya Marekani zama hizo, Harvard kikiwamo, vilikuwa havipokei wanawake. Jumuiya ile haikuwa na jengo la kusomea wala haikutoa shahada. Ilikuwa na wanawake wa kujitolea walioandikiana na wanafunzi mwezi baada ya mwezi, na maktaba iliyosafirisha vitabu kwa posta. Sehemu ya sayansi, ambamo mimea, mawe na maumbile ya nchi vilisomwa, ilipata nguvu kwa kazi ya Ellen Swallow Richards, mwanamke wa kwanza kuhitimu katika Chuo cha Ufundi cha Massachusetts. Bibi huyu hakuridhika na vitabu peke yake. Wanafunzi wake walipelekewa hadubini na vielelezo vya mawe, nao wakatakiwa watazame kwa macho yao kabla ya kuandika. Mpaka jumuiya ilipovunjwa mwaka 1897, mwaka mmoja baada ya Ticknor kufariki, wanawake zaidi ya 7,000 walikuwa wamepitia humo. Wengi wao walikuwa wake na mabinti waliofungwa na kazi za nyumba, na sanduku la mawe lililoletwa na tarishi ndiyo maabara pekee waliyopata kuijua.

Chuo Kikuu cha London kilikwenda njia nyingine. Kuanzia mwaka 1858 kiliwaruhusu watu wasiosoma katika vyuo vyake wafanye mitihani yake, ila ya uganga, popote walipojisomea. Heshima hiyo ilikuwa kubwa, nayo ilifika mbali, maana ndiyo asili ya uhusiano uliozipa Makerere na Dar es Salaam shahada za London kabla ya mwaka 1963. Lakini mtihani si somo. London iliuliza maswali. Haikumpelekea mtu jiwe.

Yote mawili yalikutana katika Chuo Kikuu Huria cha Uingereza. Harold Wilson alilitoa wazo lake hadharani mjini Glasgow mwaka 1963, Jennie Lee akalipigania serikalini, na hati ya kifalme ikatolewa mwaka 1969. Wapo waliolicheka: mwanasiasa Iain Macleod aliliita upuuzi mtupu. Januari 1971 masomo yakaanza, na wanafunzi walikuwa zaidi ya 24,000, ambao hawakudaiwa cheti chochote cha kuingilia. Walikuwamo walimu wa shule, makarani, mafundi na mama wa nyumbani. Kabla ya mwezi huo kwisha, wafanyakazi wa posta wa Uingereza waligoma, na mgomo ulidumu kwa wiki zipatazo saba. Ni vigumu kubuni mkosi mkubwa zaidi kwa chuo ambacho darasa lake lilikuwa ni bahasha. Hata hivyo chuo hakikufa.

Mwanafunzi wa kozi ya kwanza ya sayansi aliletewa vijitabu vya masomo, na pamoja navyo sanduku la vifaa vya majaribio ambalo alipaswa kulirudisha mwisho wa mwaka. Ndani yake mlikuwa na hadubini ndogo ya plastiki, iliyotokana na ubunifu wa Dakta John McArthur, yenye kutosha kiganjani. Meza ya kulia chakula ikawa maabara baada ya watoto kulala. Vipindi vya televisheni vilitangazwa na BBC jioni mapema na asubuhi za mwisho wa juma, lakini idhaa yake ya pili ilikuwa haijafika kila pembe ya nchi, hivyo wapo waliosoma sayansi ya picha bila ya picha. Kwa wiki moja ya kiangazi walikusanywa katika vyuo vikuu vingine, wakakutana na walimu na, pengine muhimu zaidi, wakakutana wao kwa wao.

Somo la ardhi katika kozi hiyo lilikuwa na bahati ya pekee. Alfred Wegener alidai tangu mwaka 1912 kwamba mabara husogea, akafa Greenland mwaka 1930 bila ya kuaminiwa na wengi. Kati ya mwaka 1962 na 1968 utafiti wa sakafu ya bahari, wa kina Hess, Vine na Matthews, McKenzie na Morgan, uligeuza hukumu hiyo: gamba la dunia ni mabamba yanayosukumana na kuachana. Vyuo vya kale vilikuwa na madaftari ya mihadhara ya zamani ya kuyalinda. Chuo Huria hakikuwa na daftari lolote. Profesa wake wa kwanza wa sayansi za ardhi, Ian Gass, alikuwa ameyachunguza mawe ya Cyprus yaliyozaliwa chini ya bahari, na mwaka 1962 alikwenda Tristan da Cunha baada ya volkeno ya kisiwa hicho kulipuka. Yeye na wenzake waliiandika elimu mpya moja kwa moja katika kozi ya wanaoanza. Hivyo karani aliyesoma usiku jikoni kwake aliweza kuijua dunia mpya kabla ya kijana aliyeketi mbele ya profesa mzee.

Gharama yake isifichwe. Wengi waliojiandikisha hawakufika mwisho. Mwanafunzi wa mbali akikwama katika ramani ya kontua saa nne za usiku, hana jirani wa kumnong'oneza, na jibu la mwalimu hufika pale swali lenyewe limekwisha kupoa. Waliopata shahada za kwanza mwaka 1973 walikuwa karibu 900, na kila mmoja wao alikuwa ameiba saa zake kutoka usingizini au kutoka kwa jamaa zake.

Tanzania ilitunga sheria ya Chuo Kikuu Huria chake mwaka 1992, na mwaka 1994 chuo kikaanza kazi, kikitegemea vituo vya mikoani. Hapa swali la kilima linarudi kwa ukali zaidi. Vizazi vya wanafunzi wa Afrika Mashariki vilifanya mitihani ya Cambridge kwa kukariri mabonde yaliyochimbwa na barafu huko Uingereza, ilhali bonde la Teleki katika Mlima Kenya limechimbwa na barafu hiyo hiyo, tena karibu na ikweta. Kosa lile lilifanyika darasani, mwalimu akiwa amesimama hatua chache tu. Umbali haukuwa na hatia.

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi, na uso wake uko juu ya bahari kwa mita 770 tu. Maana yake, sakafu yake imezama mita 700 chini ya usawa wa bahari, katikati ya bara. Mto haukuweza kuchimba shimo hilo. Ni ufa, mahali ambapo gamba la dunia linaachana. Mwanafunzi wa Kigoma asomaye peke yake usiku anao ufa huo nje ya dirisha lake, pamoja na wavuvi wa dagaa na taa zao. Aliyemwandikia kijitabu ndiye aliyeamua kama zoezi la kwanza litamtuma dirishani, au kwenye picha ya bonde la Wales.