Nzi wa Sufu Nyekundu na Ng'ombe wa Danube

Claudius Aelianus alikuwa Mrumi aliyeandika kwa Kigiriki, na inasimuliwa kwamba hakuwahi kutoka Italia wala kupanda chombo cha baharini. Ajabu ni kwamba mtu huyo wa nchi kavu ndiye aliyewahifadhia wavuvi habari mbili ambazo hazipatikani kwa ukamilifu ule mahali pengine. Mnamo mwaka 200 hivi baada ya Kristo alitunga kitabu kikubwa kuhusu tabia za wanyama, chenye sehemu 17. Katika sehemu ya 14 anaeleza jinsi watu wa Moesia walivyomvua kambare jitu wa mto Ister, ambao leo tunauita Danube. Sehemu ya 15 inafunguka kwa wavuvi wa Makedonia waliodanganya samaki kwa nzi wa kutengeneza. Kati ya habari hizo mbili kuna kurasa chache tu, lakini ilichukua karibu miaka 1,800 kabla ya nzi na kambare kukutana mkononi mwa mvuvi mmoja.

Habari ya Ister inastahili kusomwa polepole. Mvuvi anateremka ukingoni na jozi ya ng'ombe waliofungwa nira, ingawa hana shamba la kulima hapo. Anawawekea majani wale, anafunga kamba nene kwenye nira, na upande wa pili wa kamba anatia ndoana imara yenye ncha kali. Chambo chake ni pafu la fahali lililochomwa kwenye moto. Anatia chubwi la risasi ili kamba ikae vizuri, anaitupa majini, anakaa. Kambare akinusa nyama anaijia, anafungua kinywa na kumeza yote. Hapo mvuvi anaruka kutoka alipokaa, anaacha uvuvi na kuwa mkulima kwa ghafla, anawaswaga ng'ombe wapande ukingo. Wanyama wanavuta kwenda juu, samaki anapiga mkia na kuvuta kwenda chini, mpaka ng'ombe wanashinda na jitu linaburutwa hadi mchangani. Aelianus anasema hata farasi waliweza kufanya kazi hiyo.

Kambare huyo ni yule ambaye wataalamu humwita Silurus glanis, mzaliwa wa mito ya Ulaya ya kati na mashariki. Ni jamaa wa kambare wetu: hana magamba, ana kichwa bapa, na sharubu zake sita hupapasa giza badala ya macho. Tofauti ni kwamba hawezi kupumua hewa ya nje kama kambare mumi wa matopeni, na umbo lake hupita makadirio. Mwaka 2023 mvuvi mmoja katika mto Po nchini Italia alimtoa mmoja mwenye urefu wa sentimita 285, akampima na kumrudisha majini.

Ukurasa wa Makedonia una dunia nyingine kabisa. Katika mto Astraeus, kati ya Beroea na Thesalonike, waliishi samaki wenye madoadoa waliokula mdudu fulani aliyepaa juu ya maji. Wavuvi hawakuweza kumtumia mdudu mwenyewe, kwa sababu akishikwa na mkono wa mtu hupoteza rangi yake na mabawa yake hunyauka. Basi wakaviringisha sufu nyekundu kwenye ndoana, wakaibana na manyoya mawili yanayoota chini ya undu wa jogoo, yenye rangi kama ya nta. Ufito ulikuwa na urefu wa futi 6, na mshipi urefu uleule. Hapakuwa na nyama, damu wala harufu. Samaki aliitikia rangi, umbo na mwendo peke yake, na hapo ndipo ulipo moyo wa uvuvi wa nzi mpaka leo.

Huko Ugiriki kambare alikuwa amechunguzwa zamani zaidi. Aristotle, katika karne ya 4 kabla ya Kristo, aliandika kwamba dume la kambare hubaki likilinda mayai siku 40 au 50, likifukuza samaki wadogo na kutoa sauti ya kunguruma, na kwamba wavuvi walilikamata kirahisi kwa sababu halikubali kuondoka. Wasomi wa baadaye hawakuamini, kwa kuwa kambare mkubwa waliyemjua hakufanana na maelezo hayo. Katika karne ya 19 ndipo Louis Agassiz alipoangalia samaki wa mto Achelous na kutambua kwamba Aristotle alikuwa akisema habari za kambare mwingine. Leo samaki huyo anaitwa Silurus aristotelis. Mwanafalsafa alikuwa amewasikiliza wavuvi wa Ugiriki, nao walijua walichokiona.

Kwenye mito ya Danube na Tisza, ujuzi uliendelea kukua katika mikono ya watu wa mtoni. Wahungaria wana kijiti cha mbao kilichopinda kiitwacho kuttyogató, chenye ncha bapa kama sarafu. Mvuvi huacha mtumbwi uchukuliwe na mkondo, mshipi ukiwa mkono mmoja na fungu la minyoo likining'inia katikati ya kina. Kwa mkono wa pili hupiga maji. Ncha ile hufunika hewa kidogo na kuivuta chini, na sauti inayotoka ni nzito, kama ya kitu kitupu, kup, kup, kup, yenye kusikika mbali. Kambare aliyelala shimoni huamka na kupanda. Wapo wasemao anasikia chura, na wapo wasemao anasikia kambare mwenzake akila. Kinachofahamika ni kwamba mifupa midogo imeunga kibofu chake cha hewa na sikio lake, ndiyo maana husikia vizuri hivyo. Huyu si samaki wa pua peke yake, na watu wa Tisza walilijua hilo kwa kupiga maji tu.

Nzi, kwa upande wake, alihamia magharibi na kupanda ngazi. Kitabu cha kwanza cha uvuvi wa ndoana kilichochapwa kwa Kiingereza, mwaka 1496, tayari kina orodha ya nzi 12. Baada ya hapo Waingereza walimfunga nzi kwa trauti na samoni, samaki wa maji meupe na wa watu wenye mashamba, na samaki wengine wakaitwa wa hali ya chini. Utengano huo ulitokana na cheo cha watu kuliko tabia ya samaki. Kambare alipowekwa mwaka 1880 katika maziwa ya Woburn Abbey, Uingereza, aliletwa kama kitu cha kutazamwa.

Mgawanyo huohuo ulisafiri hadi Afrika Mashariki. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan aliagiza mayai ya trauti kutoka Scotland na kupandikiza samaki hao katika mto Gura, milima ya Aberdare. Nzi wa manyoya alikuja na samaki huyo. Maji ya Gura huishia mto Tana, na Tana ina kambare wengi, lakini hao waliachiwa ndoana na mnyoo.

Kilichobadilisha mambo Ulaya kilitokea Hispania. Katika miaka ya 1960 mto Ebro ulizibwa mara mbili kwa mabwawa, huko Mequinenza na Riba-roja. Mji wa kale wa Mequinenza, uliokuwa ukiishi kwa makaa ya mawe na mashua za kuyabeba, ulibomolewa kupisha maji, na wakazi wake wakahamia mji mpya. Mto uliokuwa ukienda mbio ukawa ziwa refu, la joto na tulivu. Mwaka 1974 Mjerumani Roland Lorkowski alimwaga humo makinda ya kambare wa Danube. Yalikua kupita matarajio, na baada ya miaka michache wavuvi kutoka Ujerumani na Uingereza wakawa wanafurika Mequinenza. Mji uliopoteza mto wake ukapata riziki kutokana na samaki ambaye hakuwa wake. Samaki wa asili wa Ebro ndio waliolipia, na tangu mwaka 2013 kambare huyo yumo katika orodha rasmi ya Hispania ya viumbe vamizi. Mtu yeyote anayefurahia uvuvi ule hana budi kuibeba habari hiyo pamoja na furaha yake.

Wengi wa wavuvi wale walitumia chambo kizito kilicholazwa chini. Lakini wapo waliosimama ukingoni wakaona kambare wakiwinda kwenye maji ya magotini. Ushahidi ulio wazi zaidi ulitoka Albi, Ufaransa, kwenye mto Tarn. Mwaka 2011 watafiti waliokaa juu ya daraja waliwaona kambare wakijirusha hadi kwenye changarawe kukamata njiwa waliokuja kuoga. Walihesabu mashambulizi 45, na asilimia 28 yalifanikiwa. Njiwa waliotulia hawakuguswa. Walionaswa ni waliotikisa maji, maana yake samaki alifuata mtikisiko, akiwa amesimamisha sharubu za taya ya juu.

Kwa mfunga nzi, hilo latosha. Nzi wa kambare leo ni ndoana kubwa iliyofungwa ukanda wa ngozi ya sungura pamoja na manyoya yake, mara nyingi mweusi, mrefu kama kiganja na vidole. Ukilowa, unapumua: manyoya hujikunja mvuvi anapoacha kuvuta mshipi na kutanuka anapoanza tena. Nzi huyo hana uzito wa kurushwa, kwa hiyo uzito wote umo katika mshipi wenyewe, mnene, wa namba 10 hadi 12, na ufito hupinda kwa kuubeba. Mvuvi humrusha nzi kando ya gogo lililozama na kuvuta kwa hatua fupi. Kambare akimmeza, hakuna nira. Mashua hufunguliwa ifuate mkondo, samaki akiivuta, mpaka achoke na kuelea ubavu. Kisha mvuvi huvaa glavu, maana meno yake ni madogo na mengi kama msasa, akaingiza vidole kwenye taya la chini na kukanyaga kina kifupi, akirudi kinyumenyume kuelekea ukingoni.