Kujitolea darasani ughaibuni: Anayopaswa kujua mzazi Mkenya nchini Uingereza

SIKU chache baada ya mtoto kuanza shule ya msingi nchini Uingereza, aghalabu mzazi hupokea barua kutoka shuleni. Katika barua hiyo huulizwa iwapo angependa kufika darasani mara moja kwa juma ili kuwasikiliza watoto wakisoma. Kwa mzazi aliyetoka Kenya majuzi, ombi hilo huweza kumshangaza, hata kumtia hofu.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Nchini Kenya, mzazi huenda shuleni kuhudhuria mkutano, kushuhudia siku ya kutuza wanafunzi au kuitikia wito wa mwalimu mkuu pale mtoto anapokosa. Shule nyingi zimejengwa na wazazi wenyewe kwa harambee, lakini mlango wa darasa ukishafungwa, humo ndani ni milki ya mwalimu. Ndiposa baadhi ya Wakenya huiweka barua hiyo kando wakidhani kwamba haiwahusu. Kwa kufanya hivyo, hupoteza nafasi ya kuielewa shule inayomlea mtoto wao.

Chimbuko la desturi

Uingereza nayo haikuwa na desturi hii tangu jadi. Zamani baadhi ya shule ziliweka mabango yaliyowakataza wazazi kuvuka lango. Mwaka wa 1967, baraza la ushauri wa elimu lililoongozwa na Bi Bridget Plowden lilitoa ripoti kuhusu shule za msingi za Uingereza. Ripoti hiyo ilihimiza shule ziwakaribishe wazazi na kushirikiana nao, na katika miaka iliyofuata ikawa jambo la kawaida kumwona mzazi akichanganya rangi au akisikiliza mtoto akisoma.

Mnamo 2003, serikali, waajiri na vyama vingi vya walimu vilitia saini makubaliano ya kuwapunguzia walimu mzigo wa kazi. Kuanzia Septemba 2005, mwalimu alitengewa angalau asilimia 10 ya muda wake wa kufundisha ili aandae masomo. Wasaidizi wa kulipwa waliongezeka shuleni. Hata hivyo, msaidizi wa kujitolea hakutoweka, kwa kuwa darasa la watoto 30 wa umri wa miaka mitano halikosi shughuli.

Kazi zenyewe

Mara nyingi anayejitolea huketi na mtoto mmoja au wawili na kuwasikiliza wakisoma kwa dakika 10 hivi, kisha huandika maelezo mafupi katika daftari la usomaji. Huweza pia kusaidia wakati wa uchoraji, kupanga vitabu maktabani, kubandika kazi za wanafunzi ukutani au kuandamana na darasa katika ziara. Shule nyingi humpeleka mzazi katika darasa ambalo mtoto wake hayumo, ili mwana asimng'ang'anie wala mzazi asivutwe na upendeleo.

Yapo yasiyo kazi yake. Hamwadhibu mtoto, akiona utovu wa nidhamu humwarifu mwalimu. Adhabu ya kiboko ilikomeshwa katika shule za serikali za Uingereza mwaka wa 1987, kama ambavyo Kenya nayo iliipiga marufuku mwaka wa 2001. Hampigi mtoto picha, na simu yake huiweka mbali. Aidha, aliyoyaona darasani hayasimulii nje. Mtoto wa jirani akishindwa kusoma, habari hiyo haifai kusikika kanisani, msikitini wala katika kikao cha chama Jumapili.

Uchunguzi wa usalama

Kabla ya kukabidhiwa jukumu, anayejitolea huchunguzwa. Ukali wa masharti hayo una historia ya kusikitisha. Agosti 2002, wasichana wawili wa umri wa miaka 10 waliuawa katika mji mdogo wa Soham, jimboni Cambridgeshire. Aliyepatikana na hatia alikuwa mtunzaji wa majengo katika shule ya upili ya mji huo. Ilibainika kwamba polisi wa eneo alikoishi awali walikuwa wamepokea malalamishi dhidi yake, lakini habari hizo hazikuifikia shule iliyomwajiri. Uchunguzi ulioongozwa na Bwana Michael Bichard ulitoa ripoti mwaka wa 2004, na mwaka wa 2006 bunge likapitisha sheria ya kuwalinda watoto na watu wengine walio hatarini.

Tangu Desemba 2012, kazi ya kutoa vyeti vya uchunguzi nchini Uingereza na Wales hutekelezwa na idara iitwayo kwa kifupi DBS. Scotland ina Disclosure Scotland, nayo Ireland Kaskazini ina AccessNI. Ombi la cheti cha ngazi ya juu hupitia shuleni, si kwa mtu binafsi. Mwombaji huonyesha pasipoti na hati nyingine za kumtambulisha, pamoja na anwani alizoishi miaka mitano iliyotangulia. Anayejitolea kwa dhati halipi ada ya DBS, mradi halipwi chochote ila nauli na gharama kama hizo, na kazi yake isiwe ya kumfaa jamaa yake wa karibu pekee.

Cheti hicho hutegemea hasa kumbukumbu za Uingereza. Hivyo basi, kwa mtu aliyeishi kwingineko, shule huweza kuitisha uthibitisho kutoka huko. Kwa Mkenya, uthibitisho huo ni cheti cha mwenendo mwema kinachotolewa na Idara ya Upelelezi wa Jinai (DCI). Ombi hufanywa kupitia mtandao wa eCitizen, kisha mhusika huchukuliwa alama za vidole. Ni rahisi zaidi kukitafuta cheti hicho kabla ya kuondoka Kenya kuliko kuanza kushughulikia alama za vidole ukiwa maelfu ya kilomita kutoka Nairobi.

Ambaye hajachunguzwa haruhusiwi kamwe kuachwa peke yake na watoto. Mzazi asilichukulie hilo kuwa tusi kwake kama mgeni, kwani mzazi aliyezaliwa mtaa uo huo hupitia mlango huo huo.

Masharti ya visa

Idara ya uhamiaji ya Uingereza hutofautisha anayejitolea na mfanyakazi asiyelipwa. Wa kwanza hana mkataba na huweza kukoma wakati wowote. Wa pili ana wajibu wa kimkataba, na saa zake huhesabiwa kuwa kazi. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa kwa mwanafunzi wa chuo kikuu aliyeruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa juma wakati wa muhula. Akiwa mfanyakazi asiyelipwa, saa zake za shuleni hujumlishwa na zile za kazi ya mshahara, na akipitisha kikomo atakuwa amekiuka masharti ya visa.

Nyanya aliyekuja kumwona mjukuu kwa visa ya matembezi ana masharti makali zaidi. Huruhusiwa kujitolea kwa siku zisizozidi 30 kwa jumla, tena kwa shirika la hisani lililosajiliwa. Si kila shule iliyosajiliwa hivyo. Kwa hiyo, ni busara aulize kwanza kabla ya kukubali mwaliko, hata kama mwaliko wenyewe umetoka kwa mwalimu mkuu.

Kusoma kwa sauti

Jambo ambalo huwatatiza Wakenya wengi siku ya kwanza ni mbinu ya kufundisha kusoma. Kufuatia ripoti ya Jim Rose ya mwaka wa 2006, shule za Uingereza huwafundisha watoto sauti za herufi kabla ya majina yake, na tangu 2012 watoto wa umri wa miaka sita hivi hupimwa uwezo wao wa kuunganisha sauti hizo. Herufi 's' haiitwi 'esi' bali hutamkwa kama mlio wa nyoka.

Hapa mazoea ya Kiswahili huweza kuponza. Katika lugha yetu, silabi nyingi huishia kwa irabu, na wengi tulianza kusoma kwa ba, be, bi, bo, bu. Msaidizi akilivunja neno la Kiingereza 'cat' kuwa 'ka-a-ta', mtoto ataunganisha sauti hizo na kupata neno jingine kabisa. Konsonanti hupaswa kutamkwa fupi, bila irabu nyuma yake. Dawa ni kumwomba mwalimu orodha ya sauti na kumsikiliza anapofundisha kwa siku moja mbili.

Lafudhi si kosa wala sababu ya kujitenga. Shule nyingi za miji kama London, Birmingham na Leicester zina watoto wanaozungumza lugha nyingine nyumbani. Mtoto aliyewasili juzi akizungumza Kiswahili pekee, awe ametoka Mombasa, Goma au Zanzibar, hutulia anapomsikia mtu mzima akimsalimu kwa lugha yake. Wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Watoto wa Kiingereza nao hufurahia kuhesabu moja hadi kumi kwa Kiswahili, na hakuna sababu ya somo hilo kusubiri mwezi wa Oktoba, ambao Uingereza imeutenga kwa historia ya watu weusi tangu 1987.

Njia ya kurejea kazini

Kwa baadhi ya wahamiaji, kujitolea hubeba uzito wa riziki. Mwalimu aliyesajiliwa na Tume ya Kuajiri Walimu (TSC) na kufundisha kwa miaka mingi Kenya huweza kufika Uingereza na kupata kwamba cheti chake hakimfungulii mlango moja kwa moja. Mnamo Februari 2023, nchi hiyo ilipanua utaratibu wa kuwatambua walimu wa kigeni kwa kuongeza mataifa tisa, yakiwemo Nigeria, Ghana, Afrika Kusini na Zimbabwe. Kenya haikuwa miongoni mwa hayo tisa.

Mwalimu wa aina hiyo hupata mambo matatu kwa kujitolea: huuona mtaala wa huko kwa macho yake, huzoea taratibu za shule, na humpata mwalimu mkuu wa kumwandikia barua ya mapendekezo. Sheria haitaji shahada wala cheti maalumu kwa msaidizi wa darasani wa kulipwa. Kila shule hujiamulia. Hata hivyo, kujitolea si ahadi ya kazi, na shule inayomtaka mtu kila siku kwa miezi bila malipo inafaa kuulizwa ina nia gani. Saa mbili au tatu kwa juma zinatosha.

Pa kuanzia

Anayetaka kuanza huenda katika ofisi ya shule na kueleza siku na saa anazoweza kufika. Kila afikapo, hutia saini kitabu cha wageni na kuvaa beji. Shule humwonyesha afisa anayesimamia ulinzi wa watoto. Mtoto akimdokezea kwamba anaumizwa nyumbani, asimwahidi kuficha siri wala asimhoji kwa kina. Humsikiliza, kisha humpasha afisa huyo habari siku iyo hiyo.

La mwisho ni kutimiza ahadi. Mtoto aliyeambiwa kwamba atasomewa hadithi Jumanne huhesabu siku. Msaidizi akichelewa au kukosa kufika bila taarifa, atakayeumia kwanza si mwalimu, bali ni yule mtoto aliyeketi na kitabu chake mkononi akitazama mlango.