Majengo ya Bunge: Kutoka Baraza la walowezi hadi nyumba ya wananchi

MAJENGO ya Bunge la Kenya yamesimama kando ya Barabara ya Bunge jijini Nairobi, na mnara wake wa saa ni alama iliyojulikana hata na wasiowahi kufika mjini, kwa kuwa ilipamba noti ya Sh500 kabla ya noti mpya kutolewa mnamo 2019.

Baraza la Kutunga Sheria, mzazi wa Bunge la leo, lilikutana kwa mara ya kwanza Agosti 17, 1907. Lilikuwa chombo cha gavana na walowezi. Mwafrika wa kwanza kuteuliwa, Eliud Mathu, aliingia mwaka wa 1944, na ni katika 1957 ndipo Waafrika wanane walipochaguliwa kwa kura, wakiwemo Tom Mboya, Oginga Odinga na Daniel arap Moi.

Kwa miaka mingi baraza hilo halikuwa na makao yake, na lilikutana hata katika Memorial Hall. Makao ya kudumu yalikamilika 1954, wakati Hali ya Hatari ilipokuwa imepamba moto na maelfu ya Wakenya wakizuiliwa kambini. Wasanifu wake walikuwa Amyas Connell na Thornley Dyer. Connell, mzaliwa wa New Zealand, alikuwa amepata sifa Uingereza kwa nyumba nyeupe za saruji zenye paa bapa, zilizowaudhi wapenda mila. Ni ajabu kidogo kwamba mtu wa fikra hizo alihusika na jengo lenye mnara wa saa unaokumbusha Westminster; lakini ndivyo wakoloni walivyotaka bunge lionekane. Majengo yaliongezwa wakati wa uhuru, Bunge lilipokuwa na mabaraza mawili, Seneti na Baraza la Wawakilishi. Mawili hayo yaliunganishwa mwishoni mwa 1966.

Katika uwanja wa majengo hayo ndimo alimozikwa Mzee Jomo Kenyatta, aliyefariki Agosti 22, 1978. Kaburi lake hulindwa na wanajeshi.

Kuta hizo hazikuwa kinga kila mara. Oktoba 15, 1975, Naibu Spika Jean-Marie Seroney na mbunge Martin Shikuku walikamatwa na polisi wakiwa ndani ya eneo la Bunge, baada ya Shikuku kusema kuwa Kanu imekufa na Seroney kukataa kumtaka athibitishe. Walizuiliwa bila kufunguliwa mashtaka. Lugha nayo ilikuwa na kisa chake: 1974 Kenyatta aliamuru mijadala iendeshwe kwa Kiswahili, na wasemaji hodari wa Kiingereza wakajikuta wakipapasa maneno. Kiingereza kilirejeshwa mnamo 1979.

Katiba ya 2010 ilirudisha Seneti na kupanua Bunge la Taifa hadi wanachama 349, mbali na Spika. Ukumbi ulikarabatiwa na kufunguliwa Agosti 2012, ukiwa na viti vilivyoundwa na idara ya magereza baada ya kelele kuhusu gharama ya kuviagiza ng'ambo. Mpango huo mpya ndio ulioifanya Ruiru kuwa eneo bunge kamili katika uchaguzi wa 2013, na wakazi wa Mwihoko, waliokuwa wakipigia kura Juja, wakapata mbunge wa karibu zaidi.

Aprili 2024, Rais William Ruto alifungua Bunge Tower, jengo la ghorofa 28 lenye afisi za wabunge. Miezi miwili baadaye, Juni 25, vijana waliopinga Mswada wa Fedha walivunja uzio na kuingia Bungeni. Sehemu ya jengo iliteketezwa, na polisi waliwapiga risasi na kuwaua waandamanaji kadhaa. Siku iliyofuata, Rais alitangaza kuwa hangeutia saini mswada huo.

Kifungu cha 118 cha Katiba kinaagiza vikao vya Bunge viwe wazi kwa umma. Mwananchi hawezi kuzuiwa kuhudhuria isipokuwa Spika awe ameamua kuwepo kwa sababu maalumu zinazostahili.