Uwiano wa Ushindani na Biashara ya Magazeti katika Mbio za Baiskeli za Ufaransa na Italia, 1927–1935

Nadharia ya uwiano wa ushindani ilizaliwa katika mchezo wenye uwanja, ukuta na lango. Simon Rottenberg alipoandika mwaka 1956 kuhusu soko la wachezaji wa besiboli nchini Marekani, hoja yake ilisimama juu ya mtazamaji anayelipa kiingilio: matokeo yakijulikana mapema, mtazamaji hubaki nyumbani. Mwaka 1964 Walter Neale aliongeza kwamba bingwa mwenyewe humhitaji mpinzani wa kufaa ili apate kipato. Mbio za baiskeli za barabarani, hata hivyo, hazina lango. Anayesimama kando ya barabara hatozwi chochote. Kwa hiyo, kabla ya kupima kiasi cha mashaka kuhusu matokeo, ni lazima kuuliza ni nani anayeyalipia mashaka hayo.

Kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mlipaji mkuu alikuwa msomaji wa gazeti. Tour de France ilianzishwa mwaka 1903 na gazeti la L'Auto, chini ya uongozi wa Henri Desgrange, ili kulishinda gazeti la Le Vélo, ambalo lilifungwa mwaka uliofuata. Nchini Italia, La Gazzetta dello Sport ilianzisha Giro d'Italia mwaka 1909 kwa mantiki ileile. Msomaji alinunua nakala ili ajue yaliyotokea mahali ambapo hakuwapo. Mbio zilizoamuliwa mapema zilimwachia mhariri kurasa nyingi na habari chache.

Alfredo Binda aliigeuza hofu hiyo kuwa hesabu ya fedha. Mwaka 1927 alishinda hatua 12 kati ya 15 za Giro. Mwaka 1929 alishinda hatua nane mfululizo na kutwaa taji lake la nne. Mwaka 1930 waandaaji walimlipa lira 22,500, kiasi kinachokaribia zawadi ya mshindi, ili asishiriki. Tukio hili hunukuliwa mara nyingi kama kichekesho. Ukweli ni kwamba ni nadra kupata katika historia ya michezo ushahidi ulio wazi kiasi hiki wa mwandaaji kuyanunua mashaka kwa bei inayojulikana. Luigi Marchisio alishinda Giro ya mwaka huo, naye Binda akaenda Ufaransa, akashinda hatua mbili za Tour na kujitoa.

Tatizo la Desgrange lilikuwa la aina nyingine. Hakukabiliwa na mtu mmoja bali na viwanda vya baiskeli. Mwaka 1928 kampuni ya Alcyon ilichukua nafasi tatu za kwanza, na Nicolas Frantz aliivaa jezi ya manjano tangu mwanzo hadi mwisho. Mwaka 1929 Maurice De Waele, pia wa Alcyon, aliugua njiani akiwa anaongoza; wenzake walimlinda hadi Paris, ingawa kanuni za mwaka huo zilikuwa zimejaribu kuzipunguzia nguvu timu za viwanda. Desgrange alilalamika kwamba mbio zake zimeshindwa na maiti.

Alijibu mwaka 1930 kwa kuzifuta timu hizo na kuweka timu za taifa. Baiskeli zilitolewa na waandaaji zikiwa hazina nembo ya kiwanda. Lakini viwanda vilipoondolewa, gharama za chakula na malazi ya waendeshaji zikamwangukia mwandaaji. Ndipo ulipobuniwa msafara wa matangazo: kampuni za bidhaa mbalimbali zililipa ili magari yao yapite mbele ya mbio. Mageuzi yaliyokusudiwa kurudisha ushindani yalizaa chanzo kipya cha mapato, na mtazamaji wa kando ya barabara, ambaye hapo awali hakuwa na thamani ya moja kwa moja katika vitabu vya hesabu, akawa bidhaa inayouzwa kwa watangazaji.

Ushindani wenyewe haukuongezeka kwa kipimo cha kawaida. Wafaransa walishinda Tour zote tano kuanzia 1930 hadi 1934: André Leducq mara mbili, Antonin Magne mara mbili na Georges Speicher mara moja. Mtafiti anayehesabu mgawanyo wa mataji baina ya mataifa atauita mfumo huo ukiritimba. Hata hivyo, takwimu zinazonukuliwa sana zinaonyesha kwamba mauzo ya L'Auto yalifikia kilele cha nakala 854,000 wakati wa Tour ya 1933, katikati ya ukiritimba huo. Wasomaji wa L'Auto walikuwa Wafaransa. Utawala wa Alcyon uliwachosha kwa sababu haukuwa wa mtu yeyote miongoni mwao. Utawala wa Leducq na Magne ulikuwa wao. Hapa ndipo kipimo cha Rottenberg kinapohitaji marekebisho, kwa kuwa kinamchukulia mnunuzi kama mpenzi wa mashaka, ilhali mnunuzi wa mwaka 1933 alikuwa shabiki mwenye upande.

Mbelgiji Romain Maes alishinda mwaka 1935. Timu za taifa zilidumu hadi 1961, wakati ambapo wadhamini wasiotengeneza baiskeli walikuwa wamekwisha kuingia katika mchezo na kudai majina yao yaonekane mwezi Julai. Timu za kibiashara zilirejea mwaka 1962, zikaondolewa tena mwaka 1967 na 1968, kisha zikarudi mwaka 1969.