Kuhesabu Kalori Hakukuanza na Simu

Wadau, hizi aplikesheni za kurekodi msosi zina bibi yao, na bibi huyo ni kitabu. Mwaka 1918 daktari mmoja mwanamama wa Marekani, aliyekuwa ameshapunguza mwili wake mwenyewe, alichapisha kitabu cha kufundisha watu kuhesabu kalori. Ujanja wake ulikuwa kugawa vyakula kwa vipimo vya kalori 100. Hesabu ikawa nyepesi, kitabu kikauzika balaa.

Mwaka 2005, jamaa mmoja hukohuko Marekani alitaka kupungua kabla ya harusi yake. Mwalimu wa mazoezi akampa orodha ya vyakula kama 3,000 ajiandikie kwenye karatasi. Kazi ikamchosha, akatengeneza MyFitnessPal. Miaka 10 baadaye iliuzwa dola milioni 475.

Mnaona? Wote wawili walipunguza usumbufu. Kwa hiyo usidanganyike na mbwembwe. Ijaribu kwa chakula chako cha kila siku: ugali, maharage, mchicha. Ukimaliza kurekodi kabla sahani haijapoa, hiyo utadumu nayo. Ukihangaika, wiki haiishi utaifuta, na aplikesheni iliyofutwa haijawahi kumpunguza mtu hata kilo moja.